Kati ya chupa na sufuria, nani humnyima mgonjwa wa ini mafuta?

Jikoni kwa mama mdogo, Kariobangi Kusini, nilikuta sufuria mbili za sukuma wiki. Ya kwanza ilikaangwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta, chakula cha watu wote wa nyumba. Ya pili ilichemshwa kwa maji na chumvi kidogo, ya baba mdogo peke yake, kwa sababu ini lake limesinyaa na mhudumu mmoja wa kliniki aliwaambia, "Asiguse mafuta." Juu ya kabati, kando ya redio, ilikaa chupa ya dawa tamu ya kulainisha choo. Kwenye lebo yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: 30 ml x 3. Basi. Hakuna neno lingine.

Baba mdogo alikuwa amekonda mabega hadi shati linaning'inia, ilhali tumbo limejaa maji. Alikwenda chooni mara sita, siku nyingine saba. Mama mdogo alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo: "Mwanangu, hii dawa si ndiyo inamkausha? Si ndiyo inatoa hata kile kidogo anachokula?" Alikuwa ameshaanza kumpunguzia dozi kimyakimya.

Swali hilo ni zito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na madaktari wa ini wamelishughulikia kwa miongo mingi. Jibu langu, baada ya kusoma na kuuliza, ni hili: dawa ile ikitumiwa kwa kipimo chake humnyima mgonjwa mafuta kidogo sana. Ikizidishwa humnyima zaidi. Lakini hata ikizidishwa, ile sufuria ya pili bado inaweza kumnyang'anya nguvu nyingi kuliko chupa. Na familia nyingi za Nairobi zinaambiwa habari za chupa na mtu mmoja, habari za sufuria na mtu mwingine, wala hakuna anayekaa nao chini kuwaeleza kwamba hayo ni mazungumzo mamoja.

Tuanze na chupa, maana ndiyo iliyoshtakiwa kwanza.

Dawa yenyewe inaitwa laktulosi. Ni sukari ya kutengenezwa, yenye galaktosi na fruktosi zilizoshikamana, na utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzitenganisha. Kwa hiyo haifyonzwi. Inapita nzima nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha na kutoa asidi. Asidi hiyo huibadilisha amonia iwe katika umbo lisilopenya kirahisi ukuta wa utumbo kurudi kwenye damu. Wakati huohuo sukari hiyo huvuta maji, choo kinakuwa laini, na amonia inatoka nayo.

Amonia ndiyo adui hapa. Hutokana kwa sehemu kubwa na protini zinazovunjwa tumboni, na ini zima huigeuza kuwa urea inayotoka na mkojo. Ini lililosinyaa halimudu kazi hiyo, na damu nyingine hupita kando bila kufika kwenye ini kabisa. Amonia inapanda kichwani. Kabla ya kuanza dawa hiyo baba mdogo alikuwa amepotea: analala mchana kutwa, usiku yuko macho akizungukazunguka chumbani. Akinyoosha mikono inapapatika kama bawa la kuku. Siku moja alishindwa kulikumbuka jina la steji aliyoshukia kwa miaka 20. Majirani wakanong'ona kwamba amerudia chang'aa, na yeye hajawahi kuionja. Ini lake liliharibiwa na virusi vya homa ya ini B, ambavyo barani Afrika watu wengi huvipata wakiwa watoto bila kujua. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga hapa Kenya mwaka 2001. Yeye alikuwa mtu mzima tayari.

Mwaka 1966 Johannes Bircher na wenzake walichapisha taarifa ya kuwatibu kwa laktulosi wagonjwa wa kuchanganyikiwa kwa namna hii, na hadi leo ndiyo dawa ya kwanza duniani kote. Utafiti uliofanyika Delhi na kuchapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa waliokwisha kupatwa na hali hiyo mara moja. Kati ya waliopewa laktulosi, asilimia 19.6 walirudiwa. Kati ya wasiopewa, asilimia 46.8. Tofauti kama hiyo haiachwi ipotee kwa sababu ya hofu ya jikoni. Ndiyo maana nilipojua kwamba mama mdogo anampunguzia dozi bila kumwambia mtu, moyo ulinipasuka. Alifanya hivyo kwa upendo, na angeweza kuamka asubuhi moja akamkuta mume wake hajitambui.

Lakini hofu yake haikutoka hewani. Mafuta yana safari ndefu tumboni, na mgonjwa wa ini hupata matatizo karibu kila kituo cha safari hiyo.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na utumbo ni mahali pa maji. Yeyote aliyeosha sahani ya nyama choma kwa maji baridi bila sabuni anajua maana yake. Sabuni ya mwili ni chumvi za nyongo. Ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli, mfuko wa nyongo huzihifadhi, na mtu akila hushuka na kuyavunja mafuta kuwa matone madogo sana. Kongosho nalo huleta kimeng'enya cha kuyakatakata. Kisha sehemu ya juu ya utumbo mwembamba huyafyonza, pamoja na vitamini A, D, E na K zinazosafiri ndani yake. Chumvi za nyongo zenyewe hazipotei hovyo: kiasi cha asilimia 95 hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini kutumika tena, mara kadhaa kwa siku.

Ini likisinyaa, sabuni hiyo hupungua. Njia za nyongo zikiziba, haifiki kabisa, na hapo ndipo mafuta hupotea kwa wingi. Shinikizo la damu katika mshipa unaotoka utumboni kwenda kwenye ini hupanda na kuuvimbisha ukuta wa utumbo. Bakteria huongezeka mahali wasipostahili kuwa na kuziharibu chumvi za nyongo kabla hazijafanya kazi. Na kama ni pombe iliyoliharibu ini, mara nyingi haikuliacha kongosho salama. Kwa hiyo mwizi wa kwanza wa mafuta ni ugonjwa wenyewe, na alikuwa nyumbani kabla chupa haijanunuliwa.

Je, laktulosi inaongeza wizi huo? Kwa kutazama ramani tu, mtu angesema hapana. Mafuta hufyonzwa juu, laktulosi hufanya kazi chini. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na uchafu unaomwagwa Njiru haupandi kurudi Ondiri. Ila laktulosi haishuki utumbo mpana kwa kuruka. Inapita utumbo mwembamba mzima, na njiani inavuta maji na kuharakisha mwendo. Kwa dozi ya wastani haraka hiyo ni ndogo. Kwa dozi kubwa, chakula kinapita mbio mahali ambapo kilihitaji kutulia kikutane na nyongo, ambayo tayari ni haba.

Kuna kazi moja ya zamani kidogo ambayo ningependa kila daktari anayemwandikia mgonjwa wa ini dawa hii aikumbuke. Mwaka 1992, huko Dallas nchini Marekani, Kenneth Fine na John Fordtran waliwaharisha watu wenye afya njema kwa makusudi, kisha wakapima mafuta katika choo chao. Mtu mzima anayekula gramu 100 za mafuta kwa siku kwa kawaida hutoa chini ya gramu 7. Wale waliohara, ingawa matumbo yao hayakuwa na kasoro, baadhi yao walipanda hadi gramu 14. Kuhara peke yake, bila ugonjwa wowote wa ini au kongosho, kunaweza kuongeza mafuta chooni hadi maradufu ya kiwango cha kawaida.

Hapo mama mdogo ana haki yake. Lakini tupige hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonigeuza mimi.

Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Gramu 7 za ziada ni kilokalori 63, chini ya slesi moja ya mkate. Nakubali, watu wa Dallas walikuwa na nyongo kamili na baba mdogo hana. Basi tuseme yeye anapoteza gramu 30 kwa siku, kiasi kikubwa cha kutisha. Hizo ni kilokalori 270. Sasa tuangalie sufuria. Vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kupikia vilivyoondolewa kwenye sukuma na maharagwe ni kama kilokalori 240. Nusu ya ovakado kubwa aliyokatazwa, kama 160. Glasi moja ya maziwa iliyobadilishwa kuwa strungi, kama 150. Jumla ni 550, na hatujaihesabu chapati. Mwongozo wa wataalamu wa ini wa Ulaya unataka mgonjwa wa ini lililosinyaa apate kilokalori zisizopungua 35 kwa kila kilo ya mwili wake, uzito wa bila maji ya tumboni, na gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo, kila siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji 2,100. Kwa amri ya "asiguse mafuta" familia ilikuwa imemnyima zaidi ya robo ya chakula chake cha siku, tena kwa jasho na nidhamu, ikiamini inamponya.

Na hata mwili ukiwa unafyonza vibaya, unachofyonza bado ni faida. Mtu anayefyonza asilimia 70 ya mafuta akila gramu 60 atabaki na 42. Akila gramu 15 atabaki na 10 na ushee. Kumwondolea mafuta mtu anayeyapoteza ni kama kumpunguzia mshahara mtu kwa kuwa mfuko wake una tundu. Wapo wagonjwa ambao kweli wanahitaji kupunguziwa, hasa wale ambao njia za nyongo zimeziba, wanaoumwa tumbo na kutoa choo cha mafuta tupu. Hao hupunguziwa na mtaalamu wa lishe, na mara nyingi hupewa badala yake mafuta maalumu ya minyororo mifupi zaidi, ambayo hayahitaji nyongo sana na hupita moja kwa moja kwenye damu iendayo ini. Mafuta ya nazi yanayosifiwa sana siku hizi yana sehemu ndogo tu ya mafuta hayo. Wanaoyauza Eastleigh kama tiba ya ini wanawadanganya watu.

Sukuma ile iliyochemshwa inaniuma kwa sababu nyingine pia. Sukuma wiki ni hazina ya vitamini K na ya rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vyote viwili vinahitaji mafuta ili vifyonzwe. Mgonjwa wa ini ambaye fizi zinatoka damu na ngozi inavilia kwa kuguswa tu, analishwa mboga iliyojaa vitamini K, ila imepikwa kwa namna ambayo sehemu kubwa inaishia chooni. Kijiko kimoja cha mafuta katika sufuria ile si anasa. Kuna hata kipimo cha zamani cha kitabibu kinachotegemea jambo hili: damu ikichelewa kuganda, mgonjwa hupewa vitamini K kwa sindano, isiyopitia tumboni. Kuganda kukirudi vizuri, tatizo lilikuwa kufyonza. Kusiporudi, ni ini lenyewe lisiloweza tena kutengeneza viini vya kugandisha damu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ule mzunguko.

Misuli ni ini la pili. Ini likishindwa kuisafisha amonia, misuli huichukua na kuifunga ndani ya glutamini, mojawapo ya matofali ya protini. Mgonjwa mwenye misuli mingi anajisafisha mwenyewe kidogo. Sasa mfikirie aliyekonda kwa kunyimwa chakula. Misuli inayeyuka, amonia inapanda, anachanganyikiwa. Akipelekwa kliniki anaongezewa dawa ya choo. Dawa ikizidi anahara, tumbo linajaa gesi, hana hamu ya kula, anakonda tena. Akihara sana anapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka figo hutengeneza amonia zaidi. Maji yanapungua mwilini, chumvi inapanda kwenye damu, na kichwa kinavurugika upya. Anarudi kliniki amechanganyikiwa, na kama hakuna aliyeuliza anakwenda choo mara ngapi, anaongezewa tena. Chupa ileile iliyomwokoa inaanza kumrudisha alikotoka. Inatokea kwa sababu dawa hii imeandikwa kama vidonge vya malaria, vijiko kadhaa mara kadhaa, wakati yenyewe haikuundwa kufuatwa hivyo.

Kipimo cha laktulosi hakiko kwenye kijiko. Kiko chooni. Mgonjwa anatakiwa apate choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Ikiwa ni mara moja, dozi iongezwe. Ikiwa ni mara tano tena maji matupu, ipunguzwe, na isisimamishwe. Mtu mmoja atahitaji 15 ml mara mbili, mwingine 30 ml mara nne, na mtu huyohuyo atahitaji tofauti wiki ijayo. Baba mdogo aliishi miezi minne na chupa hiyo bila kuambiwa jambo hili. Sidhani aliyemhudumia alikuwa mzembe. Foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa na dakika chache. Lakini sentensi hiyo moja inachukua sekunde kumi kuisema.

Na hata angeambiwa, kuna mambo ya Nairobi ambayo vitabu havikuyaandikia mlango. Plotini kwao choo ni kimoja kwa nyumba nyingi. Siku ya kliniki hanywi dawa kabisa hadi arudi, kwa sababu matatu ikikwama Barabara ya Juja hakuna mahali pa kushuka, na mjini anaogopa kutovifikia vyoo vya kulipia kwa wakati. Akirudi jioni anakunywa dozi mbili kwa pamoja kufidia, na usiku mzima unakuwa wa mbio. Kwa kuangalia daftari la kliniki, mtu huyu anatumia dawa sawasawa. Kwa kuangalia utumbo wake, siku moja amefungwa na siku ya pili amemwagwa.

Kuna lingine ambalo sijaliona likisemwa popote. Vitabu humwambia mgonjwa aangalie kama choo chake kina mafuta: kimepauka, kina harufu kali kuliko kawaida, kinaelea, hakiondoki kwa maji. Ni ushauri mzuri kwa mwenye choo cha kuvuta maji. Katika choo cha shimo, usiku, kwa tochi ya simu, na jirani anagonga mlango, nani ataona kinachoelea? Watu wengi wa jiji hili hawawezi kuiona dalili hiyo kabisa. Inabidi watazame kwingine. Mzani nao hudanganya, kwa sababu maji ya tumboni huongezeka huku nyama ikipungua, na kilo zinabaki zilezile. Mkono haudanganyi hivyo. Utepe kama ule ambao wahudumu wa afya wa jamii hupimia mikono ya watoto wenye utapiamlo unaweza kuzungushwa kwenye mkono wa juu wa mtu mzima kila mwezi, na namba ikaandikwa. Serikali iliwazindua wahudumu hao wapatao 100,000 nchi nzima Septemba 2023. Wanapita milangoni tayari. Naomba kwa moyo wangu wote wafundishwe kuupima na mkono wa mgonjwa wa ini, na wamuulize mambo mawili: choo mara ngapi, na je, jioni giza likiingia bado unaona vizuri? Upofu wa usiku ni sauti ya vitamini A inayoondoka.

Vipimo vya maabara navyo vina mtego wake. Daktari akiona mgonjwa anakonda anaweza kuagiza choo kipimwe mafuta, au kipimwe kimeng'enya cha kongosho kiitwacho elastesi. Elastesi katika choo cha maji huonekana imeshuka hata kongosho likiwa zima, kwa sababu imezimuliwa na maji. Na mafuta, kama Fine na Fordtran walivyoonyesha, huonekana yamepanda kwa kuhara tu. Mgonjwa anayekunywa laktulosi kupita kiasi akipimwa siku hiyo, anaweza kubandikwa ugonjwa wa pili asio nao na kununuliwa vidonge vya vimeng'enya vya bei ghali. Dozi irekebishwe kwanza, choo kitulie kwa siku kadhaa, ndipo apimwe. Familia inayolipa vipimo kutoka mfukoni inastahili mpangilio huo.

Niseme kidogo kuhusu dawa nyingine za choo, kwa kuwa watu huziweka zote kapu moja. Mafuta ya parafini ya kunywa huyeyusha vitamini za mafuta ndani yake na kutoka nazo, hivyo kwa mgonjwa wa ini ni hasara tupu. Mafuta ya nyonyo hukera utumbo mwembamba wenyewe, palepale mafuta yanapofyonzwa. Sanamaki huukera utumbo mpana na haileti ule uchachu unaoinasa amonia. Neomaisini, antibayotiki iliyotumika sana zamani kwa wagonjwa hawa, inajulikana kwa kuzuia mafuta yasifyonzwe, na ni mojawapo ya sababu madaktari wengi waliiacha. Rifaksimini, ambayo siku hizi huongezwa juu ya laktulosi kwa wanaorudiwa na kuchanganyikiwa, haina sifa hiyo mbaya, ila bei yake bado inawashinda wengi wetu. Na unga wa kukoroga kwa wagonjwa wanaowashwa mwili, uitwao kolestiramini, hushika chumvi za nyongo na kutoka nazo. Ukimwona mgonjwa anakonda huku anatumia huo pamoja na laktulosi, muulize daktari kuhusu huo kwanza.

Hao wanaouza chai za "kusafisha ini" pale River Road na kwenye simu zetu, sina maneno laini kwao. Ini halisafishwi kwa kuhara. Nyingi ya chai hizo nguvu yake ni sanamaki, na mgonjwa anayezichanganya na laktulosi anajitumbukiza kwenye ule mzunguko nilioueleza bila mtu yeyote kujua, kwa sababu haoni haja ya kuitaja chai mbele ya daktari.

Tulipokaa na mama mdogo jikoni, hatukuanza na chupa. Tulianza na saa. Baba mdogo alikuwa akila saa kumi na mbili jioni na hali tena hadi saa tatu asubuhi. Kwa mtu mwenye ini zima, usiku bila chakula ni usiku tu. Utafiti wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba ini lililosinyaa, ambalo halina akiba ya sukari, usiku mmoja huugeuza mwili kuwa kama wa mtu mzima wa afya aliyefunga siku mbili hadi tatu. Unaanza kuila misuli. Wataalamu wa Auckland walichapisha mwaka 2008 kazi iliyowapa wagonjwa wa ini kilokalori 710 za ziada kila usiku kwa mwaka mzima. Walijenga mwili. Wenzao waliopewa kiasi hichohicho mchana hawakujenga. Chakula kilekile, saa tofauti.

Kwa hiyo sasa saa nne usiku kuna uji wa wimbi uliotiwa maziwa na kijiko cha siagi ya karanga. Karanga mama mdogo anazichagua moja moja kabla ya kusaga, akitupa zenye kuvu. Amekulia Makueni, na anaikumbuka 2004, mwaka ambao mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwafanya watu 317 waugue ukambani na kuua 125. Maharagwe, mayai, maziwa lala na omena vimerudi kwenye sahani ya baba mdogo. Hata protini alikuwa amekatazwa, kwa dhana ya zamani kwamba inapandisha amonia, ingawa madaktari wa Barcelona walionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa waliopewa protini ya kawaida hawakuchanganyikiwa zaidi ya walionyimwa. Sufuria ya pili imerudi kabatini. Sukuma ni moja, na mafuta yamo.

Dawa alishuka hadi 20 ml mara mbili, kwa ushauri wa daktari tuliyemwendea na maelezo yetu yameandikwa kwenye karatasi. Siku ya kliniki anakunywa akirudi, dozi moja, hafidii. Kila jioni mjukuu wake anamwambia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kipimo rahisi ambacho madaktari wa Italia walikithibitisha mwaka 2017. Asipofika 10, mama mdogo anajua aitazame chupa na achukue simu. Juzi alifika 17.

Na kwenye lebo ya chupa, chini ya yale maandishi ya 30 ml x 3 ambayo ameyakata kwa mstari mmoja, mama mdogo ameandika kwa mkono wake: choo mara 2 au 3, laini.